Kompyuta ya Dakika Arobaini

Mimi hasira yangu haina breki, wala sijawahi kuificha. Muulize yeyote aliyewahi kuniambia kwamba chai yangu ni maji moto. Nimeuza chai, chapati na maharagwe nyuma ya maduka ya Buruburu Phase Two tangu Triza wangu akiwa mgongoni, na nimegombana na karibu kila mtu mwenye mdomo. Tena mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Lakini Kavinya, jirani yangu wa kibanda, huyo namsifu, na leo nitasema kwa nini, hata kama kuna mahali katika habari hii ambapo mimi mwenyewe sionekani vizuri.

Alikuwa Mkamba wa Mwala, mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya shingo. Tulimwita Mama Mumo, kwa jina la binti yake aliyeolewa Voi. Miaka ishirini na miwili alipiga taipu serikalini, katika chumba kimoja kirefu chenye wanawake ishirini na mashine ishirini, na aliniambia kelele ya mle ndani ilikuwa kubwa hata mtu alijifunza kuzungumza kwa nyusi. Huko walikuwa na utaratibu wao. Mashine ikiharibika hupigi kelele, humlaumu mtu. Unaandika katika daftari siku, saa, na kilichotokea, kisha anayehusika anatia sahihi. Bila sahihi, fundi haji. Ikishatiwa sahihi, fundi anakuja, na jambo hilo halitajwi tena.

Serikali ilipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Akaja na taipureta yake ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, akafungua kibanda cha mabati ubavuni mwangu. Daftari alikuja nalo pia. Nilicheka sana. Nilimwuliza, "Mama Mumo, sasa msimamizi wako ni nani, mimi?" Akasema, "Tutaona." Aliandika humo kila kitu: utepe uliokatika, mvua iliyovuja, mteja aliyeahidi kurudi saa nane na kurudi saa kumi.

Na vidole vyake, jamani. Angekutazama usoni, akakuuliza habari za mguu wako unaouma, na vidole viko mbio chini pale bila yeye kuviangalia. Aliandika barua za kuomba kazi, kadi za harambee, matangazo ya mazishi, mikataba ya nyumba. Abdiqadir, yule mfanyabiashara wa mbuzi wa Kiamaiko, alikuwa akivuka huko kote kuja kwake, kwa sababu alisema huyu mama hakuulizi maana ya neno mara mbili.

Basi mwaka wa tisini na nane watu wakaanza kuugua ugonjwa wa kompyuta. Kila mteja anataka herufi zilizolala na herufi zilizonenepa. Anataka jina la marehemu liwe kubwa katikati, na maua pembeni. Kavinya anamwonyesha taipureta, mteja anatabasamu kwa huruma, anaondoka. Mwezi wa nane nilihesabu siku nne mfululizo ambazo hakuna mtu aliyeingia kwake. Kaka yake akamwandikia kutoka Mwala kwamba kuna chumba nyuma ya banda la kuku, aje apumzike. Neno hilo la kupumzika lilimkera kuliko tusi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Akachukua kilichobaki cha pesa zake za kuachishwa kazi, akasema atanunua kompyuta. Ile kubwa ya mezani haikumfaa, kwa maana vibanda vyetu vilivunjwa na askari wa jiji kila baada ya miezi michache, na hutaibeba kompyuta ya mezani kichwani kila jioni. Alitaka laptopu, ile ya kukunjwa kama Biblia; karatasi angezitolea kwenye printa ya duka la dawa la jirani. Mpya asingeiweza. Ila mjini, ghorofa ya pili, kulikuwa na mtu aliyeitwa Nzomo aliyeuza laptopu zilizotumiwa kwenye maofisi ya Ulaya, zikarudishwa kwa mafundi, zikaoshwa, zikaitwa nzima tena. Mitumba, kwa Kiswahili chetu. Nzomo alikuwa Mkamba mwenzake, kijana msemaji, kalamu mbili mfukoni, naye alimwita "mwaitu," yaani mama kwa lugha yao. Mtu akikuita mama unalegea kidogo.

Hapo Kavinya akafanya kosa ambalo mpiga chapa tu ndiye angelifanya. Aliijaribu ile laptopu kama taipureta. Akabonyeza kila herufi, kubwa na ndogo, kila namba, kila alama. Akafunga macho kusikiliza kama kuna kitufe kinachogoma. Vyote vikaitika. Kwa taipureta, vitufe vyote vikiitika mashine ni nzima, utawaachia wajukuu. Dakika kumi zilimtosha. Akalipa, akapewa risiti iliyoandikwa chini kwamba mali ikishatoka dukani hairudishwi, akaja nayo nyumbani ameikumbatia.

Mteja wa kwanza alikuwa Abdiqadir. Alikuwa na barua ndefu ya kupeleka baraza la jiji kuhusu maji ya pale sokoni kwao, na alitaka herufi zilizonenepa. Kavinya akachapa kurasa tano, mimi nimesimama mlangoni na birika, naona fahari kana kwamba mashine ni yangu. Alipokuwa anafika kwenye "wako mtiifu," kioo kikawa cheusi. Hakuna mlio, hakuna moshi. Akabonyeza, haikuwaka. Ilikataa kuwaka mpaka saa moja ikapita, na ilipowaka, barua haikuwamo. Alikuwa hajasevu hata neno. Nani angemwambia? Miaka ishirini na miwili, ukichapa neno liko kwenye karatasi, liko pale, hata paa likianguka.

Abdiqadir akatazama kioo, akasema taratibu, "Huyu ni mbuzi wa kusimama mpaka umlipe muuzaji, halafu anaanguka." Kisha akaomba barua yake ipigwe kwa taipureta, maana baraza linafungwa.

Kavinya hakulia. Alifungua daftari akaandika: dakika ya arobaini. Kesho yake akajifunza kusevu kutoka kwa binti wa duka la dawa. Haikusaidia sana. Mashine iliwaka vizuri, ikafanya kazi vizuri, na ikifika dakika arobaini, ikizidi moja au ikipungua moja, inazima, na ukitaka kilichomo ndani ungoje ipoe. Mteja gani atakungoja?

Akairudisha kwa Nzomo. Nzomo akaiwasha mezani, akachapa jina lake kwa vidole viwili, dakika tano, dakika nane, iko sawa. "Mwaitu, hii ni nzima. Umezoea taipu tu." Akarudi nayo. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu Nzomo akasema shida ni stima, yaani umeme wa Buruburu, unapanda na kushuka, mashine ya Ulaya haiwezi kuvumilia.

Mimi ningemshika shati hapo hapo. Nilimwambia Kavinya hivyo, nilimwambia na maneno mengine ambayo siwezi kuyarudia. Yeye akanywa chai yangu, akasema, "Huenda ni kweli. Hebu tuangalie stima." Nilitamani kumtikisa. Mtu amekula pesa yako, wewe unaangalia stima!

Basi wiki nzima alizunguka na ile laptopu. Aliichomeka nyumbani kwangu. Aliichomeka duka la dawa, ofisi ya kanisa, akaenda nayo mpaka mtaa wa Fedha kwa mtu wa kwaya yao. Kila mahali alikaa, akachapa, akatazama saa, akaandika. Kwangu, arobaini. Duka la dawa, arobaini. Kanisani, thelathini na tisa. Fedha, arobaini na moja. Na kila mahali alimwomba mwenye stima atie sahihi. Nami nilitia, nikinung'unika.

Wakati huo mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na kodi ya kibanda hulipwa mapema. Alikuwa ameniambia wazi: mashine isipobadilishwa kufikia tarehe thelathini na moja, anafunga, anakwenda kwa kaka yake. Taipureta alikuwa ameshaifunga kwenye leso, iko chini ya meza. Nilipoiona ile leso nilihuzunika kweli. Lakini nisidanganye. Jioni hiyo nilihuzunika, na mchana wa kesho yake nikaona kwamba kibanda chake kikiunganishwa na changu nitapata nafasi ya benchi mbili na jiko la pili. Alikuwa duka la dawa na mashine yake. Nikaingia kibandani mwake, nikapima kwa hatua. Nikatoka. Sikumwambia mtu.

Jumatatu iliyofuata akaniambia, "Mama Triza, twende mjini. Nataka mtu wa kushuhudia." Nikafunga jiko. Ndani ya kiondo nikatia ule mti wangu wa kusukumia chapati, kwa sababu mimi nilielewa ushahidi kwa namna yangu.

Tukamkuta Nzomo amevurugika. Karatasi zimejaa meza, zote zimeandikwa kwa mkono, na wateja wawili wako kwenye benchi wakingoja. Kumbe kulikuwa na shule kubwa iliyotaka kununua kompyuta ishirini, na barua ya zabuni ilitakiwa kufika kabla ya saa nane mchana. Msichana wake wa kuchapa alikuwa amekwenda kwenye mazishi Kakamega tangu Ijumaa. Nzomo alikuwa anachapa mwenyewe kwa vidole viwili, na alikuwa bado kwenye anwani.

"Mwaitu, leo hapana," akasema bila kuinua kichwa. "Njoo Jumatano."

"Sikuja kugombana," Kavinya akasema. "Naona una kazi. Nitakuchapia."

Nzomo akainua kichwa. Wale wa benchi nao wakainua.

"Nitakuchapia kwa mashine hii yangu," akaendelea, akiiweka juu ya meza. "Nipe stima yako."

Nilimwona Nzomo akifikiri. Angekataa vipi? Akikataa, amewaambia wateja wawili kwamba laptopu anazouza hazichapi barua. "Karibu," akasema. "Utaona mwenyewe ni nzima."

"Huzima dakika ya arobaini."

"Haitazima, mwaitu."

"Nipe basi disketi, nitasevu nje kila ukurasa."

"Ya nini? Maliza kwanza, tutasevu mwishoni. Tunapoteza wakati."

Akamwuliza tena kuhusu disketi. Mara mbili nilisikia kwa masikio yangu, na wale wa benchi walisikia. Nzomo akapunga mkono.

Kavinya akatoa saa yake akaiweka pembeni ya meza, akafungua daftari, akaandika saa nne na nusu. Kisha vidole vikaanza. Hata mimi niliyemzoea nilisogea karibu. Karatasi za Nzomo zilikuwa na mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino, lakini yeye alizipita moja baada ya nyingine, anageuza kwa mkono wa kushoto na wa kulia hausimami. Safu za bei zikajipanga. Jina la duka likanenepa. Nzomo alikuja kusimama nyuma yake, akasahau kuondoka. Mmoja wa wale wateja akasema, "Huyu mama ameajiriwa wapi?"

Ukurasa wa nne, wa tano, wa sita. Mimi nilikuwa nikitazama saa tu. Dakika ya thelathini na nane Nzomo akaanza kutabasamu, akaniambia mimi, "Umeona?" Nikashika kiondo changu kwa nguvu.

Dakika ya arobaini, kioo kikawa cheusi.

Nzomo akainama, akabonyeza. Akabonyeza tena, akachomoa waya, akaurudisha. Akaketi kwenye kasha la kompyuta. Mimi nilikuwa na maneno mazuri sana tayari kinywani, nilikuwa nimeyatunza wiki tatu. Kavinya akanitazama kwa zile nyusi za chumba cha wapiga chapa, nikayameza.

Hakusema, "Nilikwambia." Aliandika katika daftari: saa tano na dakika kumi, dukani kwa Nzomo, stima ya Nzomo, ukurasa wa sita. Akaligeuza daftari upande wa Nzomo, akaweka kalamu juu yake.

Nzomo akasoma. Akageuza, akasoma na za nyuma: kwangu, duka la dawa, kanisani, Fedha, na sahihi zote. Alisoma muda mrefu kwa mtu mwenye haraka. Kisha akatia sahihi.

"Sikuwahi kuziacha ziwake zaidi ya dakika kumi," akasema kwa sauti ndogo. "Zinakuja nyingi, mwaitu. Nawasha, nazima, naweka kwenye rafu." Akainuka, akafungua kabati la vioo, akatoa nyingine, akaiweka mbele yake. Halafu akatazama saa. "Barua yangu sasa."

"Hii nyingine nitaijaribu kwa saa nzima," Kavinya akasema. "Nitaijaribu kwa barua yako. Lete disketi."

Disketi ilikuja mbio. Akaanza upya, ukurasa wa kwanza, na kila ukurasa ukiisha anasevu, ndani na nje. Dakika arobaini zikafika. Nakwambia hata wale wa benchi ambao hawakuhusika walisimama kuitazama ile saa. Zikapita. Hamsini. Sitini. Alimaliza akabaki na muda, akarudi mwanzo akasahihisha tahajia za Nzomo, ambazo zilikuwa nyingi. Saa saba kasorobo barua ilikuwa imetoka kwenye printa, safi, kurasa tisa. Nzomo akatoa pochi.

"Kazi ya kujaribu mashine hatutozi," Kavinya akasema. Akamfanya aandike risiti mpya, isiyo na yale maneno ya chini, na yenye miezi sita ya dhamana. Nzomo aliandika amesimama, kisha akashuka ngazi mbili mbili na bahasha mkononi.

Tukiwa njiani, Kavinya akatupa jicho kwenye kiondo changu. "Mama Triza, huo mti ulikuwa wa kumsukumia nani?" Nikacheka mpaka nikasimama. Nilimpenda sana siku ile, na nilimwambia. Akasema nisimpigie kelele barabarani.

Kesho yake asubuhi alifungua ile leso, akairudisha taipureta kwenye rafu yake. Laptopu ikawaka, na kabla ya saa sita watu watatu walikuwa wamepanga foleni, wawili wakiwa wametumwa na wale wa benchi la Nzomo. Mimi nilikuwa msemaji wa mtaa. Kila aliyenunua chapati nilimpa na hadithi, bure. Nilipunguza sehemu ya stima, nikaongeza sehemu ya mti wa chapati.

Foleni ilipokwisha akaniita. "Mama Triza, njoo kidogo."

Nikaenda nikiwa nimejipangusa mikono, nikidhani ni chai. Alikuwa amelifungua daftari, si ukurasa wa Nzomo, ukurasa wa nyuma yake. Akaweka kidole. Ulikuwa mwandiko uleule wa siku zote, wino uleule, hakuna neno lililonenepa wala lililolala.

Jumatano tarehe 21. Saa saba na nusu mchana, duka la dawa, mashine imezima, dakika ya arobaini. Saa nane mchana, Mama Triza amepima kibanda kwa hatua. Tano kwa nne.

Duka la dawa linatazamana na vibanda vyetu. Sijui kwa nini sikuwa nimeliwaza hilo. Nilisoma mara mbili, nikaitafuta hasira yangu, ambayo haijawahi kuniangusha maishani, sikuipata popote.

"Nilidhani unaondoka," nikasema.

"Najua."

"Na bado ukanichukua kwenda mjini? Kuwa shahidi wako?"

"Ningemchukua nani?" akasema. "Wewe ndiye jirani yangu."

Akaninyooshea kalamu. Niliona aibu mpaka macho yakaniwasha, nami si mtu wa machozi. Pembeni ya ule mstari alikuwa ameacha nafasi. Nikatia sahihi, jina langu lote, Annah na la baba yangu, kwa mkono uliojaa unga.

Akapuliza wino ukauke, akafunga daftari, akaniuliza kama maharagwe yameiva.